Udodi, Senenge na Wahunzi wa Upare

Gari la Suji, milimani Upare, huiacha barabara kuu pale Makanya, penye machimbo ya jasi na stesheni ya reli ya Tanga, kisha huanza kupanda. Huko juu jina la Mshana ni la kawaida kiasi kwamba hakuna anayeuliza lilikotoka. Ni jina lenye kazi ndani yake. Washana ndio ukoo wa wahunzi wa Upare.

Marehemu Profesa Isaria Kimambo, mwana wa Upare mwenyewe, alikusanya masimulizi ya wazee na kuchapisha kitabu mwaka 1969. Kwa masimulizi hayo, Washana walitawala Ugweno, kaskazini mwa milima ya Upare, mpaka ukoo wa Wasuya chini ya Angovi ulipowapindua. Ufalme uliwatoka, nyundo ikabaki mikononi mwao.

Chuma chao kilianzia mtoni. Mvua zikishuka milimani, mchanga mweusi mzito hujitenga na mwingine na kutua chini ya vijito. Huo ulikaushwa, ukamwagwa tanurini pamoja na mkaa, mivukuto ya ngozi ikafukuta bila kupumzika. Chuma hakikuyeyuka kikawa maji, maana kwa hilo kinataka nyuzi 1,538 za Selsiasi. Kilitoka bonge lenye matundu kama sifongo, limeshikana na mavi ya chuma, likarudishwa motoni na kufuliwa tena na tena mpaka likatakata. Ni kazi ya kuumiza mgongo, na ndiyo maana chuma kikuukuu hakikuwa taka. Jembe lililolika lilirudi kwa mhunzi likawa kisu, na kipande kidogo kilitosha pete. Anayedhani kugeuza vyuma chakavu kuwa mapambo ni ubunifu wa mjini wa juzi, amewasahau watu hawa.

Wachaga na Wamasai walikitegemea chuma cha Upare kwa mikuki na majembe. Kisha, karne ya 19, misafara kutoka Pangani ikapita chini ya milima na mizigo ya nguo, ushanga na waya. Kiswahili kilikuwa na jina la kila aina ya waya: masango ni waya mnene wa shaba, udodi ni ule mwembamba wa kuzungushia mkono au mguu, na senenge ni waya wa chuma. Mvumbuzi Joseph Thomson alipovuka nchi ya Wamasai mwaka 1883, senenge ilikuwa miongoni mwa bidhaa zake, kwa kuwa wanawake wa huko waliivaa mizunguko kwa mizunguko. Neno hilo lingali hai: ndiyo seng'enge ya uzio wa shamba.

Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 ilifika Moshi mwaka 1911. Majembe ya viwandani ya Ulaya yakawa rahisi kuliko ya tanuri, na tanuri zikazimika. Wahunzi hawakuzimika nazo. Waliacha mchanga wakashika springi za magari, nondo na sufuria zilizotoboka. Alumini huyeyuka kwa nyuzi 660 tu na shaba nyeupe kwa takriban 900, joto ambalo mkaa na mvukuto huliweza. Kwa njia hiyohiyo, huko Kibera, Nairobi, mafundi huyeyusha mabomba na makufuli mabovu, wakamimina kwenye kalibu ya mchanga. Bangili hutoka nyeusi, ina kingo za kukata kidole. Ni tupa na msasa, kwa saa nzima, vinavyoitoa rangi ya dhahabu.

Suji ilipata pigo la namna nyingine. Waadventista Wasabato waliingia Upare mwaka 1903, na baadaye Suji ikawa moja ya ngome zao. Walileta shule na tiba, na huo ni wema usiopingika. Lakini kanisa hilo huwafundisha waumini kuacha vito, na aliyebatizwa alivua bangili zake. Mfua mapambo alibaki bila mvaaji nyumbani kwake, na inauma kwamba sehemu hiyo ya ufundi imesimuliwa kidogo kuliko majembe na mikuki.

Kule Ugweno, mavi ya chuma bado huibuliwa na jembe shambani. Na baada ya masika, ukipitisha sumaku ya spika iliyokufa juu ya mchanga mweusi wa kijito, hunyanyuka imeota manyoya.