Motokaa na Mwenyewe: Mafundi wa Nyumbani katika Historia ya Marekani

Usiku wa kuamkia tarehe 4 Juni 1896, katika mji wa Detroit, mtu mmoja alikuwa ndani ya kibanda cha matofali nyuma ya nyumba aliyoipanga, akimaliza kazi aliyoifanya usiku baada ya usiku kwa miezi mingi. Mtu huyo alikuwa Henry Ford, na kazi yake ya mchana ilikuwa uhandisi katika kampuni ya umeme ya Edison. Alichokiunda kibandani kilikuwa chombo chepesi chenye magurudumu manne ya namna ya baiskeli, injini ya silinda mbili, na fimbo ya kuongozea mahali pa usukani. Kilipokuwa tayari kutoka, mlango ulionekana kuwa mwembamba kuliko chombo. Ford akatwaa shoka, akabomoa matofali ya ukutani, na motokaa yake ya kwanza ikatokea tunduni.

Habari hiyo husimuliwa mara nyingi kwa kumsifu Ford. Lakini ndani yake mna jambo jingine lenye maana zaidi. Chombo ambacho baadaye kilitoka viwandani kwa mamilioni kilianza kama kazi ya mtu nyumbani kwake, baada ya saa za kazi, bila amri ya tajiri yeyote. Tena, katika miaka iliyofuata hakikuacha kurudi vibandani. Wenye viwanda waliiuza motokaa kama kitu kilichokwisha timia. Walioinunua wakaipokea kama kitu kilichoanzwa tu. Mvutano baina ya fikira hizo mbili ndio kiini cha historia ya mafundi wa nyumbani, nao haukukoma mpaka leo.

Oktoba 1908 kampuni ya Ford ilitoa motokaa iliyoitwa Model T. Ilikuwa na injini ya silinda nne yenye nguvu za farasi 20, ikasimama juu sana kutoka ardhini, ipate kupita katika barabara za udongo zilizojaa mashimo na matope. Bei yake hapo kwanza ilikuwa dola 850 kwa ile ya abiria watano. Kadiri kiwanda kilivyozidi kuunda, hasa baada ya mwaka 1913 kazi ilipopangwa kwa mstari wenye kwenda, bei ikashuka. Mwaka 1925 ile ya viti viwili iliuzwa kwa dola 260. Hata ilipoachwa kuundwa mwaka 1927, zilikuwa zimekwisha tolewa zaidi ya milioni 15. Bei hiyo ndogo ilikuwa na sharti lake: motokaa zote ziwe sawasawa. Tangu 1914 hata 1925 mnunuzi hakupewa rangi ila nyeusi. Mtu yule aliyebomoa ukuta ili chombo chake kitoke sasa aliunda chombo ambacho, kwa maoni yake, hakikuhitaji kubadilishwa.

Wenye kukitumia hawakukubali. Wahenga walisema kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na Model T ilikuwa na kunguni wengi. Tangi la petroli lilikuwa chini ya kiti cha mbele, na petroli ilitiririkia kabureta kwa uzito wake wenyewe, bila pampu. Kwa hiyo, tangi likiwa na petroli kidogo na mlima ukiwa mkali, injini ilikosa petroli ikazimika, na dereva mwenye busara aligeuza motokaa akaupanda mlima kinyumenyume. Hapakuwa na kipimo cha petroli. Mtu aliinua kiti, akatumbukiza kijiti tangini, akatazama kilivyolowa. Injini iliwashwa kwa kuzungushwa hendeli, na asiyekumbuka kwanza kurudisha nyuma wakati wa cheche aliweza kupigwa na hendeli hiyo hata akavunjika mkono.

Lakini motokaa iyo hiyo ilikuwa na sifa moja kubwa: ilifunguka. Sehemu zake zilikuwa chache na za wazi, na mkulima aliyezoea kutengeneza jembe lake la kukokotwa na mashine yake ya kuvunia aliweza kuifahamu kwa kuitazama. Spana chache, nyundo, koleo na waya vilitosha kwa matengenezo mengi. Mashambani, ambako gereji ilikuwa mbali, kujifunza huko hakukuwa mchezo. Motokaa ikiharibika, maziwa hayakufika sokoni wala daktari hakufikiwa. Hesabu ya serikali ya mwaka 1920 ilionyesha kwamba yapata mashamba matatu katika kila kumi ya Marekani yalikuwa na motokaa, hali yale yenye trekta hayakufika hata moja katika kumi. Basi motokaa ndiyo iliyokuwa injini ya kwanza kuingia katika nyumba nyingi za wakulima, nao wakaitia katika kazi zote za injini.

Njia ilikuwa rahisi. Mkulima aliinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, akazuia mengine yasisogee, akavika mkanda juu ya gurudumu lililoinuliwa au juu ya puli iliyofungwa mahali pake. Injini ilipowashwa, mkanda ulizungusha msumeno wa kukatia kuni, mashine ya kupukuchulia mahindi, pampu ya maji, au kinu. Katika nyumba nyingine injini hiyo hiyo iliendesha mashine ya kufulia nguo, na kazi iliyowachosha wanawake siku nzima ikapungua. Wengine walikata mwili wa nyuma wakaweka sanduku la mbao la kuchukulia mizigo, wakapata lori. Wengine walinunua vifaa vya kugeuza motokaa kuwa trekta: magurudumu makubwa ya chuma yenye meno, pamoja na gia za kupunguza mwendo na kuongeza nguvu.

Mabadiliko hayo hayakufanikiwa yote. Injini ya Model T ilipozwa na maji yaliyojiendea yenyewe: yakipata moto yalipanda rejeta, yakipoa yalishuka tena. Mpango huo ulifaa kwa chombo kinachokwenda na kupigwa na upepo. Injini ilipokokota plau polepole katika ardhi nzito kutwa nzima, maji yalichemka na vyuma vikaungua. Waliojaribu waliyajua hayo kwa hasara. Lakini hasara hiyo nayo ilikuwa elimu, kwani walianza kufunga pampu za maji na rejeta kubwa zaidi, na kila kosa lilisimuliwa kwa jirani ili asilirudie.

Kwa mazoea hayo ilizuka biashara kubwa. Katika orodha za maduka yaliyouza kwa posta, kama Sears, Roebuck, mtu wa shamba aliweza kuagiza springi za kupunguza mtikiso, breki za ziada, taa, vipimo, na viwashio vya kumwondolea taabu ya hendeli. Waliopenda mwendo walipata vichwa vya injini vya namna mpya. Ndugu wa ukoo wa Chevrolet, ambao jina lao lilikuwa limekwisha kuwa jina la mshindani mkubwa wa Ford, waliunda kichwa chenye valvu za juu kwa ajili ya injini ya Ford. Katika mashindano ya Indianapolis ya mwaka 1923, gari la aina hiyo lilimaliza la tano kati ya magari yaliyojengwa kwa mbio tupu na kwa gharama nyingi.

Kiwanda nacho kilifuata nyuma, pole pole. Mwaka 1917 kampuni ya Ford ilitoa lori lake, Model TT, na mwaka huo huo likatoka trekta la Fordson. Mwaka 1919 kiwashio cha umeme kikaanza kupatikana kutoka kiwandani. Kwa motokaa za mwaka 1926 tangi la petroli liliondolewa chini ya kiti katika miili mingi, likawekwa juu zaidi, mbele ya dereva, na taabu ya milima ikapungua. Haifai kusema kwamba kila jambo la namna hiyo liliigwa kutoka kwa wakulima, kwa maana wahandisi wa Detroit walikuwa na macho na akili zao. Lakini mfuatano wa miaka ni dhahiri: haja ilionekana kwanza mashambani, ikatibiwa kwanza mashambani, kisha dawa yake ikauzwa na kiwanda.

Katika miaka ya 1930 kazi hii ilipata sura nyingine huko California ya kusini. Mwaka 1932 Ford alitoa motokaa yenye injini ya silinda nane, zikiwa nne kila upande kwa umbo la herufi V, yenye nguvu za farasi 65, na ile ya wazi iliuzwa kwa bei isiyofika dola 500. Injini ya namna hiyo hapo kwanza ilikuwa kitu cha matajiri. Zilipoanza kuchakaa na kuuzwa kwa bei ndogo, vijana wasio na fedha nyingi walizinunua, wakazipeleka nyuma ya nyumba za wazazi wao, wakazichokonoa. Walivua viunga vya matope, boneti na kila kisichohitajiwa, ili kupunguza uzito. Walikwangua vichwa vya injini ili mchanganyiko wa hewa na petroli ubanwe zaidi, wakaongeza kabureta. Fundi mmoja wa Los Angeles, Vic Edelbrock, aliyekuwa na gereji ya matengenezo, alitengeneza bomba la kugawia mchanganyiko huo lililochukua kabureta mbili. Lilikuwa la motokaa yake mwenyewe. Wenzake walipoliona wakalitaka, na jambo la mapenzi likawa kampuni.

Pa kupimia kazi hizo palikuwa maziwa makavu ya jangwa la Mojave, kama Muroc, ambako ardhi ni tambarare na ngumu kama sakafu. Mwaka 1937 vilabu kadha wa kadha viliungana wakaunda Southern California Timing Association, ili mbio zipimwe kwa saa za haki na kwa kanuni za usalama. Baada ya Vita Kuu ya Pili vijana wengi walirudi wakiwa wamefundishwa ufundi jeshini, na motokaa hizo, zilizoitwa hotirodi, zikazidi. Wengine walishindana katika barabara za mji, watu wakauawa, na magazeti yakawalaumu wote pamoja. Lawama hiyo haikuwa ya bure. Ndipo wenyewe walipoanza kujirekebisha. Januari 1948 likatoka gazeti la Hot Rod, na mwaka 1951 mhariri wake, Wally Parks, akaanzisha National Hot Rod Association, kusudi mbio zitoke barabarani ziingie katika viwanja vyenye ukaguzi. Hivyo fundi wa nyumbani alijifunza kwamba uhuru wa kufungua chombo chake una mpaka, na mpaka huo ni uhai wa jirani.

Mpaka wa pili ulikuwa hewa. California iliweka kanuni za moshi wa motokaa katika miaka ya 1960, na sheria ya taifa ya mwaka 1970 ikazidi kuzikaza. Mtu aliyeondoa kifaa cha kusafishia moshi ili apate mwendo zaidi hakujidhuru peke yake, bali aliwachafulia watu wote hewa waliyoivuta. Injini zikaanza kuongozwa na kompyuta, na tangu motokaa za mwaka 1996 kila moja iliyouzwa Marekani ililazimishwa kuwa na tundu la namna moja la kuulizia kompyuta hiyo habari za moshi na makosa ya injini. Spana peke yake haikutosha tena. Ilihitajiwa lugha ya mashine, na lugha hiyo ilikuwa mikononi mwa mtengenezaji.

Hapo ugomvi wa kale ukarudi kwa sura mpya. Mwaka 2012 wapiga kura wa jimbo la Massachusetts waliamua kwa wingi mkubwa kwamba mwenye motokaa, na fundi anayemchagua mwenyewe, wapewe habari zile zile za matengenezo wanazopewa mawakala wa kiwanda. Mwaka 2020 wakapiga kura tena, kwa kuwa motokaa mpya zilikuwa zikipeleka habari zake kwa njia ya hewa, bila kupita katika tundu lile. Wenye viwanda wakaipeleka sheria hiyo mahakamani, wakisema kwamba mlango ulio wazi kwa mwenyewe huweza kuwa wazi kwa mwizi pia. Hoja hiyo si ya kudharauliwa, kwa sababu breki na usukani vikiguswa na mtu mbaya aliye mbali, watu huweza kufa.

Hata hivyo historia ya miaka mia na zaidi ina ushahidi wake. Aliyekuwa na chombo mikononi aliziona kasoro zake kabla ya aliyekiunda, na mara nyingi alizitibu kabla yake. Alikosea, akachemsha maji, akavunja gia, na mara nyingine akahatarisha wenzake. Ndiyo maana sheria ikahitajiwa. Lakini sheria ya kumzuia asimdhuru jirani ni jambo moja, na kufuli la kumzuia asikifahamu alichokinunua ni jambo jingine. Kama kibanda cha mtaa wa Bagley kingekuwa na mwenye nyumba aliyekataza ukuta kuguswa, chombo cha mwaka 1896 kingebaki ndani.