Mganga wa Karema: Wema Usiopigiwa Ngoma



Katika somo lililotangulia tulieleza amri ya mapendo. Leo tunataka kueleza namna ya kuitimiza, kwa maana kutenda mema hakutoshi. Yatupasa kujua pia tunatenda mbele ya macho ya nani.

Yuko mtu anayempelekea mgonjwa kuku, na kabla mgonjwa hajala, kijiji kizima kimekwisha kupata habari. Yuko mwingine anayetoa mchango wa kujenga kanisa, lakini jina lake lisiposomwa siku ya Dominika anakasirika, na mwaka wa pili hatoi kitu. Je, watu hao wametenda wema? Mgonjwa amekula na kanisa limepata mabati; hayo hatuyakani. Lakini moyo wa mtoaji umebaki vilevile. Alitafuta sifa, akaipata, na mshahara wake umekwisha kulipwa hapa duniani. Ndilo onyo la Bwana wetu Yezu Kristu katika Evanjili ya Matayo, sura ya 6, juu ya watu wanaopiga baragumu wanapowapa maskini.

Tusije tukadhani kwamba onyo hilo ni gumu kupita nguvu za wanadamu, tutawasimulia habari za mtu mmoja, Mwafrika kama sisi, aliyefanya kazi ng'ambo ya ziwa letu Tanganika.

1. Mtoto aliyeuzwa

Adrien Atiman alizaliwa yapata mwaka 1866 katika nchi inayoitwa leo Mali, karibu na mto Niger, upande wa mji wa Timbuktu. Angali mtoto mdogo alinyakuliwa na wawinda watumwa, akatengwa na wazazi wake, akavushwa jangwa la Sahara ili auzwe. Huko kusini ya Aljeria Mapadri Weupe walimkomboa kwa fedha, wakamtia shuleni.

Askofu Lavigerie, aliyeanzisha shirika la Mapadri Weupe mwaka 1868 na kufanywa Kardinali baadaye, alikuwa na wazo kubwa: Waafrika wapate Evanjili kwa mikono ya Waafrika wenyewe. Kwa hiyo mwaka 1881 alifungua chuo katika kisiwa cha Malta, ili vijana waliokombolewa utumwani wajifunze uganga wa kizungu na kuwa pia wakatekista. Atiman alikuwa mmoja wao. Wengine wa chuo kile, kama Joseph Gatchi, walikuja kufanya kazi upande wetu wa Kongo.

Atiman alibatizwa, akamaliza masomo, na mwaka 1888 akaondoka na msafara wa wamisionari. Walifika pwani ya Afrika ya Mashariki, kisha wakaenda bara kwa miguu. Mwaka 1889 aliwasili Karema, mahali ambapo Wabeleji walikuwa wamejenga boma tangu mwaka 1879, wakawaachia Mapadri mwaka 1885, pamoja na boma la Mpala lililo ng'ambo ya pili.

2. Deni la mtu aliyekombolewa

Fikirini jambo hili, ndugu zetu. Mtu aliyeuzwa kama mbuzi angeweza kusema: Dunia ina deni kwangu, watu waliniibia baba na mama, sasa nitafute mali yangu na heshima yangu. Tena alikuwa na elimu ambayo watu wachache mno katika Afrika ya wakati ule walikuwa nayo. Nani angemlaumu kama angeiuza kwa bei kubwa?

Atiman alilihesabu deni kwa namna nyingine. Alikuwa amekombolewa bila kulipa kitu, na aliyekombolewa bure anadaiwa ukombozi wa wenzake. Nchi aliyofikia ilikuwa ingali inateswa na wawinda watumwa. Katika miaka hiyohiyo, pwani ya magharibi, Kapiteni Joubert aliwalinda watu wa Mpala kwa bunduki, na wazee wetu wamelihifadhi jina lake. Vita vina mlio, na habari zake husimuliwa mbali. Kazi ya Atiman haikuwa na mlio. Nani atungaye wimbo juu ya kidonda kilichooshwa?

Na kazi ilikuwa tele: homa, ndui, kuhara damu, vidonda vya kila namna, tena malale yaliyoua watu wengi kandokando ya ziwa mwanzoni mwa karne ya 20. Mganga huyo aliwatibu wagonjwa, akawafundisha pia katekismo. Alimwoa Agnes, mwenyeji wa nchi ile, akaifanya Karema kuwa kwao. Alipofika, serikali ya Wadachi ilikuwa haijatawala pale. Ilikuja, ikaondolewa katika vita vya 1914 hadi 1918, Waingereza wakashika nchi. Bendera zilibadilika, mganga hakubadilika. Alikaa Karema mpaka kufa kwake mwaka 1956. Ni miaka 67.

3. Tabia hujengwa kwa siku nyingi

Hapa ndipo penye fundisho letu. Mtu yeyote aweza kutenda tendo moja kubwa siku moja, watu wakitazama. Lakini kuamka tena kesho, na kesho kutwa, kwa mgonjwa yuleyule anayenuka na asiyeshukuru, hilo halitoki ila katika tabia iliyojengwa. Mtumbwi hauchongwi kwa pigo moja la tezo. Fundi hupiga leo, hupiga kesho, na kila pigo ni dogo; lakini siku ya dhoruba, ni mapigo hayo madogo yanayowaokoa waliomo. Vivyo hivyo fadhila: neema ya Mungu hutangulia na kusaidia, nasi tunaitikia kwa matendo madogo yanayorudiwa, mpaka wema unakuwa desturi ya moyo.

Mwenye kutenda ili aonekane hawezi kuijenga tabia hiyo. Akikosa watazamaji, mkono wake unalegea. Nguvu zake zimewekwa katika vinywa vya watu, na vinywa vya watu hugeuka kama upepo wa ziwani.

Wengine watatuuliza: Je, Yezu hakusema kwamba taa isifunikwe? Alisema. Lakini taa huwaangaza waliomo nyumbani, haijimuliki yenyewe. Atiman hakujificha, kwa maana mganga aliyejificha hamponyi mtu. Watu waliona kazi yake kila siku. Hata katika uzee wake wakubwa wa Kanisa na wa serikali walimpa nishani. Tusidhani kwamba nishani hizo ziliharibu wema wake. Sifa ikija yenyewe si dhambi. Ubaya ni kuiwinda. Mwaka 1889, nani aliyemwahidi nishani?

Tutazame pia matunda yaliyokuwa nyumbani mwake. Mwanawe Joseph alipewa daraja takatifu ya upadri mwaka 1923, miaka michache baada ya Padri Stefano Kaoze wa kwetu, aliyepadirishwa mwaka 1917 pale Baudouinville, panapoitwa leo Kirungu. Baba aliyeuzwa sokoni alimwona mwanawe altareni. Wazazi, mlishike neno hili: mtoto husikia maneno yetu kwa sikio moja, lakini matendo yetu huyatazama kwa macho mawili. Tukihubiri upole mbele ya kanisa na kutukana ndani ya nyumba, yeye anajua lipi ni la kweli.

Wazee wetu walisema: Tenda wema nenda zako. Mkristu huongeza: nenda zako bila hofu, kwa sababu yuko Baba aonaye sirini.

Maulizo

Tutende mema kwa ajili ya nani?
Kwa ajili ya Mungu, na kwa kumpenda jirani yetu.

Je, ni dhambi watu wakiona wema wetu?
Si dhambi, ni kosa kutenda kwa kutafuta sifa yao.

Tabia njema hupatikanaje?
Kwa neema ya Mungu, tunayoiomba katika sala na Sakramenti, na kwa matendo mema yanayorudiwa kila siku.

Azimio la juma hili

Kila mmoja wetu achague tendo moja jema: kumtekea maji mzee asiye na watoto, kulipalilia shamba la mjane, kumaliza ugomvi kwa kunyamaza. Alitende, asimwambie mtu, hata mwenzi wake. Dominika ijayo, akipiga magoti kanisani, amtolee Mungu tendo hilo ambalo wao wawili tu wanalijua.