Kiti cha Wageni

Ukimtajia mtu wa Nairobi jina Westlands, atawaza ghorofa za vioo, klabu za usiku na bei ya kahawa. Kangemi haitamjia akilini. Lakini siku ya kura ni eneo bunge moja: Kitisuru, Parklands/Highridge, Karura, Kangemi na Mountain View. Mwenye jumba kule Kitisuru na mama anayemfulia nguo wanachagua mbunge mmoja, kila mtu na karatasi yake. Sisi tuliozaliwa baada ya vyama vingi kurudi tunaona hilo ni jambo la kawaida. Halikuwa.

Uchaguzi wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria ulifanywa 1920, na viti 11 vya kuchaguliwa vilikuwa vya Wazungu. Wahindi walipopewa viti, walipewa na daftari lao la wapiga kura, kando. Waafrika walingoja hadi Machi 1957 ndipo wakachagua wajumbe wanane wa nchi nzima. Hata hapo, kura ilikuwa na masharti: elimu, mapato, mali, utumishi. Aliyetimiza masharti mengi aliweza kuwa na hadi kura tatu. Mkikuyu, Mwembu au Mmeru alihitaji pia cheti cha uaminifu kwa serikali. Nairobi ilimchagua Tom Mboya, aliyemshinda wakili Argwings-Kodhek. Ngozi yako iliamua ulale mtaa gani, na ikaamua pia jina lako liandikwe daftari gani.

Mwaka 1963 kura ikawa moja kwa kila mtu mzima. Eneo hili, ambalo zamani liliwahi kuitwa Parklands, lilimpeleka bungeni Fitz de Souza, wakili wa asili ya Goa aliyekuwa miongoni mwa mawakili wa Jomo Kenyatta na wenzake katika kesi ya Kapenguria. Alikuja kuwa Naibu Spika. Mwaka 1969 kikaja kizazi kingine. Mboya alikuwa ameuawa Julai katikati ya jiji, KPU ikapigwa marufuku Oktoba, na uchaguzi wa Desemba ukawa wa KANU peke yake. Aliyeibuka Parklands alikuwa wakili kijana, Samuel Kivuitu, Mkamba. Alikitumikia kiti hadi 1974, na akarudi tena kati ya 1983 na 1988.

Hebu tulia hapo kidogo. Mgoa, kisha Mkamba, katika jiji ambalo kila mara tunaambiwa kura ni hesabu ya makabila. Nikiipitia orodha ya wabunge wa hapa, naona kiti ambacho hakuna jamii inayoweza kusema ni chake cha kurithi. Ni kiti cha wageni. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Swali ni kama mwenyeji alipona.

Mara nyingine hata hakuulizwa. Mwaka 1988 KANU ilileta mlolongo: unasimama nyuma ya picha ya mgombea wako, mchana kweupe, chifu akikutazama. Aliyepata asilimia 70 ya foleni alipita bila kura ya siri. Mwajiri wako na landilodi wako wangeweza kuona umesimama wapi. Mbunge wa Westlands aliyetoka uchaguzi huo ni Dkt. Njoroge Mungai, binamu na daktari wa Mzee Kenyatta, waziri wa zamani wa mambo ya nje, ambaye 1974 majirani zake wa Dagoretti walikuwa wamemwangusha na kumchagua Johnstone Muthiora.

Vyama vingi viliporudi 1992, Nairobi iliiadhibu KANU: FORD-Asili ilichukua viti sita kati ya vinane, FORD-Kenya kimoja. Kimoja tu kilibaki kwa KANU, nacho ni Westlands, kupitia Amin Walji, Mkenya wa asili ya Kihindi. Baada yake kiti kikamwendea Fred Gumo, mwanasiasa aliyeanzia Kitale na aliyewahi kuongoza Tume ya Jiji, ile iliyowekwa na serikali baada ya baraza la madiwani kuvunjwa 1983. Gumo alishinda akiwa KANU 1997, NARC 2002, ODM 2007. Chama kilibadilika, mheshimiwa akabaki yuleyule. Alipoondoka 2013 akaingia wakili Tim Wanyonyi wa ODM. Mwaka 2022 Wanyonyi alitaka ugavana, vigogo wa Azimio wakampa Polycarp Igathe tiketi, naye akarudi kutetea kiti chake na kumshinda Nelson Havi wa UDA.

Hapo ndipo naona tatizo letu. Mgeni si shida. Shida ni mgeni anayeletwa na kupangiwa na wengine, sisi tukibaki kupiga muhuri.

Na hata muhuri unahitaji mtu wa kuuhesabu. Desemba 30, 2007, pale KICC, mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi alimtangaza Mwai Kibaki mshindi wa urais. Siku chache baadaye aliwaambia wanahabari kwamba hajui kama Kibaki alishinda kweli. Watu zaidi ya 1,100 walikufa. Mwenyekiti huyo ni Samuel Kivuitu, yule yule wa Parklands, yule yule aliyesifiwa kwa uchaguzi wa 2002. Mtu ambaye kura za wageni wenzake zilimfikisha bungeni mara mbili ndiye alishindwa kutuambia kura zetu zilisema nini. Alifariki Februari 2013, siku chache kabla ya uchaguzi uliofuata.

Mimi nimepanga Kangemi. Wengi wa marika yangu hapa plotini wamejiandikisha ushago, wengine hawajajiandikisha popote. Wanasema Nairobi ni kazini tu, nyumbani ni kwingine. Nawaelewa. Lakini maji, taka, barabara ya kuelekea stage, na fedha za CDF vinaamuliwa hapa tunapolala. Juni 2024, wakati wa Mswada wa Fedha, vijana walianza kuwauliza wabunge kwa majina: ulipigaje kura? Swali hilo linauma zaidi likitoka kwa mtu aliye kwenye daftari la mbunge huyo.

Sheria haikudai uwe mzawa wa Westlands ili upige kura Westlands. De Souza hakuwa na shamba la babu Parklands, na Kivuitu vilevile. 2027 inakuja, na mimi nitapigia kura hapa.