Mali Bila Daftari: Funzo la Mpasuaji wa Mengo

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Wafanyabiashara wa Malindi wanaujua ukweli huu tangu jadi. Leo hebu tuutazame katika tiba, maana wanafunzi wangu huniuliza: majalada ya wagonjwa wa zamani yana faida gani?

Mwishoni mwa 1896, tabibu Mwingereza Albert Cook alishuka Mombasa, akafuata njia ya misafara hadi Buganda. Alifika Februari 1897, na mwaka huohuo ikaanzishwa hospitali ya Mengo. Alikuwa mpasuaji na mganga wa kila ndwele. Isitoshe, alikuwa mwandishi asiyechoka: aliandika kwa mkono dalili za wagonjwa, upasuaji waliofanyiwa na hatima yao.

Miaka sitini baadaye, mnamo 1957, mpasuaji Denis Burkitt alionyeshwa mtoto katika hospitali ya Mulago, Kampala, aliyevimba taya za juu na za chini, pande zote. Punde akaona mwingine Jinja. Mwaka 1958 akachapisha makala kuhusu saratani hiyo. Mnamo 1961, yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari takriban maili 10,000 wakiuliza hospitali baada ya hospitali. Wakagundua kwamba huwapata watoto wa sehemu zenye joto na mvua, mulemule mwenye malaria nyingi. Pwani yetu imo.

Likabaki swali: je, maradhi haya yalizuka juzi, au ni ya kale ila hayakuwa na jina? J. N. P. Davies na wenzake wakayafukua majalada ya Mengo. Mnamo 1964 wakatoa matokeo. Kumbe watoto wenye uvimbe wa taya wamo, miongo mingi kabla ya Burkitt! Cook hakujua ni ugonjwa gani. Aliandika alichokiona, basi.

Kutokuwa na jina, msomaji wangu, si kutokuwapo. Lakini kuna upungufu unaotuhusu sisi wa lugha. Mama akimweleza tabibu kwa Kigiriama au Kiswahili, naye tabibu akaandika kwa Kiingereza, jina alilolitaja mama huanguka njiani. Pamoja nalo hupotea ujuzi wa watu walioufahamu ugonjwa huo kabla ya hospitali kujengwa.

Hivyo nina maombi mawili kwa hospitali za Pwani zinazohamia kompyuta. Kwanza, msichome majalada ya kale kabla wataalamu hawajayapitia. Pili, kando ya jina la kitaalamu, andikeni na neno la mgonjwa mwenyewe. Huenda ndilo jibu la swali ambalo bado halijaulizwa.