Umri Mrefu na Haki ya Wajukuu

Wapo wataalamu wa zama zetu wanaotafuta njia ya kumfanya mwanadamu aishi miaka 150 au zaidi. Hadi sasa umri mrefu kuliko wote uliothibitishwa kwa hati ni miaka 122, wa Jeanne Calment wa Ufaransa, aliyefariki mwaka 1997. Mwisho wa kila umri anaujua Mola. Sisi twauliza jingine: wazee wakizidi kukaa, wanaowafuata watapata nini?

Jibu la kwanza liko kando ya Ziwa Eyasi, wilayani Karatu, kwa Wahadzabe. Katika miaka ya 1980 watafiti Kristen Hawkes, James O'Connell na Nicholas Blurton Jones waliona kuwa mabibi waliokwisha kuzaa walichimba mizizi kwa bidii kubwa na kuwalisha wajukuu, hasa mama zao walipokuwa na vichanga. Mwanamke aliyefika miaka 45 aliweza kutarajia miaka 20 hivi zaidi. Basi uzee mrefu si mgeni katika nchi hii, wala si mzigo maadamu mzee ana la kutoa.

La pili liko Ngorongoro, kwa Wamaasai. Kwao cheo hakingojei kifo. Kwa sherehe za hatua kwa hatua, mojawapo eunoto, rika la morani hutoka katika umorani na kuelekea uzeeni, na rika changa likashika nafasi, ilhali wote wangali hai.

Lakini mali haina eunoto. Katika fiqhi, mirathi haifunguki ila kwa kufa mwenye mali. Tuchukue mfano wa mkulima Mwislamu wa Karatu mwenye wana watatu. Akiishi miaka 120, watamrithi wakiwa wazee. Na mmoja akimtangulia, watoto wake huzuiliwa na ami zao walio hai. Kadiri mababu wanavyozidi kuishi, ndivyo wajukuu wa namna hii watakavyozidi. Misri ililiona tatizo hilo, na sheria yake ya wasia ya mwaka 1946 ikawawajibishia fungu lisilozidi theluthi.

Hata pasipo sheria kama hiyo, mlango u wazi. Mjukuu aliyezuiliwa si mrithi, hivyo babu aweza kumuusia ndani ya theluthi, au kumpa hiba angali mzima. Na kwa Mashafii hiba haitimii mpaka ikabidhiwe. Anayeahirisha kwa kutumainia miaka mingi huwaachia wajukuu ugomvi wa shamba.

Wallahu aalam.