Gereji Bubu Isiyokuwa Bubu: Gari Kuukuu na Lugha ya Mafundi huko Mbugangari

Historia ya Kiswahili imezoea kuandikwa kwa kufuata njia za majahazi, misafara, misikiti, shule na ofisi za serikali. Ni mara chache mwandishi akafuata njia ya gari bovu. Hata hivyo, katika nchi za bara, hasa Rwanda na mashariki ya Kongo, lugha hii imesafiri sana juu ya magurudumu. Na pale gurudumu liliposimama, kando ya barabara au uani mwa nyumba ya mtu, ndipo lugha ilipopata darasa. Katika makala haya twakusudia kulieleza jambo hilo kwa kutazama kazi moja tu, nayo ni kazi ya mtu asiye fundi anayeazimia kulifufua gari kuukuu nyumbani kwake Mbugangari. Twadai kwamba kazi hiyo, ikifanywa kwa utaratibu, ni somo la historia na la lugha kwa pamoja, na kwamba sisi walimu tutapata hasara kubwa tukiiacha ipotee bila kuiandika.

Mahali na watu wake

Mbugangari ni mtaa wa mji wa Gisenyi, katika Wilaya ya Rubavu, kaskazini mwa Ziwa Kivu na karibu kabisa na mpaka wa mji wa Goma. Watu na bidhaa huvuka mpaka huo kila siku, na Kiswahili huvuka pamoja nao. Kwa upande wa Kongo kilienezwa na misafara ya karne ya 19, mathalani ile ya Hamed bin Muhammed, maarufu kwa jina la Tippu Tip. Kwa upande wa Rwanda kilitiwa nguvu na utawala wa Wajerumani, waliokitumia katika kazi za askari, makarani na wafanya biashara.

Wabelgiji walipoitwaa nchi mwaka 1916 mambo yalibadilika. Kifaransa kilishika ofisi, na shule nyingi zikawa mikononi mwa misioni. Watoto wengi wa Kiislamu walibaki nje ya shule hizo, ama kwa kuzuiwa, ama kwa sababu wazazi wao walichelea wasije wakabadilishwa dini. Katika miji, Waislamu na wageni kutoka pwani walitengewa mitaa iliyojulikana kama kambi za Waswahili. Milango iliyobaki wazi kwao ilikuwa michache: biashara, udereva na ufundi. Hivyo lugha ya dereva na ya mtengenezaji wa magari ikawa Kiswahili, na Kiswahili nacho kikahesabiwa kuwa lugha ya watu wa namna hiyo. Katika Kinyarwanda neno "umuswahili" likapata maana ya Mwislamu, na hata ya mtu mjanja asiyeaminika.

Dharau hiyo ina ndugu zake kwingineko. Nchini Tanzania karakana isiyo na leseni wala ubao wa jina huitwa gereji bubu. Nchini Kenya kazi za namna hiyo huitwa jua kali, kwa kuwa mafundi hufanya kazi bila paa juu ya vichwa vyao. Ni kweli kwamba mwaka 1972 ripoti ya Shirika la Kazi Duniani juu ya ajira nchini Kenya iliwaonyesha wakubwa kwamba watu hao walikuwa wakizalisha mali na kufunzana kazi. Lakini jina la bubu halikuondoka. Sisi twaliona kuwa jina lisilo haki. Hakuna mahali penye maneno mengi kama gereji bubu.

Gari kama kitabu

Tuchukue mfano wa Volkswagen ya umbo la zamani, lile la mgongo wa duara, ambayo zaidi ya milioni 21 zilitengenezwa duniani kabla ya kiwanda cha mwisho, kilichokuwa Meksiko, kusimamisha kazi mwaka 2003. Gari hili linamfaa anayeanza kwa sababu injini yake, iliyo nyuma, hupozwa kwa hewa. Halina rejeta wala maji ya kuchemka. Badala yake mkanda mmoja huzungusha jenereta pamoja na feni ya kupoza. Mkanda huo ukikatika, dereva hana budi kusimama mara moja, la sivyo injini itaungua.

Kabla ya kushika spana, mwanagenzi aulize gari lilikuwa la nani. Katika nchi iliyopatwa na mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994, na katika mji ulioona maelfu ya watu wakivuka mpaka kwenda Goma mwaka huo, na maelfu wengine wakivuka kuja Gisenyi volkano ya Nyiragongo ilipolipuka Januari 2002 na Mei 2021, kitu kisicho na mwenyewe huenda kina mwenyewe aliyekipoteza. Kupata karatasi halali za gari ni takwa la sheria. Ni adabu pia kwa waliokuwapo kabla yetu.

Baada ya hapo kazi huanzia chini. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na methali hii haina mahali inapofaa zaidi kuliko hapa. Lakini asiiname chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Aweke chini yake vigogo imara au stendi za chuma. Katika Volkswagen hii betri hukaa chini ya kiti cha nyuma, na tindikali yake pamoja na unyevu huila sakafu ya bati polepole. Basi kiti kiondolewe na bati lipigwe kwa mpini wa bisibisi: bati zima hulia, bati lililooza hunyamaza. Palipooza hukatwa na kuunganishwa upya kwa kuchomelea, na kazi hiyo apewe fundi aliyeizoea.

Breki hufuata, kabla ya injini. Wengi hutamani kwanza kusikia mlio, lakini gari lisilowaka halimdhuru mtu, na gari lisilosimama huua. Mafuta ya breki hunyonya maji kutoka hewani. Yakikaa miaka mingi huleta kutu ndani ya silinda za magurudumu na kuharibu mipira yake. Yote hayo yafunguliwe, yasafishwe au yabadilishwe. Vivyo hivyo mpira unaopeleka petroli kwenye injini ubadilishwe kabla ya kuwasha, maana mpira uliokauka na kupasuka karibu na injini yenye joto umeteketeza magari mengi ya aina hii.

Ndipo zamu ya injini inapofika. Plagi nne zifunguliwe, mafuta kidogo yatiwe ndani ya kila silinda, na injini iachwe siku chache kabla ya kuzungushwa kwa mkono. Ikizunguka, oili kuukuu imwagwe na mpya itiwe, kadiri ya lita mbili na nusu, na nafasi za vali zipimwe injini ikiwa baridi. Betri nayo itazamwe kwa makini: magari mengi ya aina hii yaliyotengenezwa kabla ya mwaka 1967 hivi yalitumia umeme wa volti 6, na yaliyofuata volti 12. Asiyejua tofauti hiyo ataunguza taa zote kwa dakika moja.

Hapo jiografia nayo huingia darasani. Gisenyi iko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa yake ni kama asilimia 84 tu ya ile ya pwani. Kabureta iliyorekebishwa Mombasa au Dar es Salaam itatoa petroli nyingi kupita kiasi cha hewa ya Gisenyi, na gari litafuka moshi mweusi na kukosa nguvu. Kadhalika magari ya Rwanda na Kongo hupita kulia mwa barabara, na ya Kenya, Uganda na Tanzania hupita kushoto. Fundi wa mpakani hupokea vipuri kutoka pande zote mbili, naye hulazimika kujua kipi kinafaa usukani wa upande gani. Mipaka iliyochorwa na wakoloni aweza kuigusa kwa vidole vyake.

Majina ya vyombo

Tukigeukia maneno, twaona kwamba gari moja limebeba historia nzima ya lugha yetu. Neno gari lenyewe limetoka Bara Hindi. Usukani ni neno la jahazi, lenye asili ya Kiarabu. Lilikuwa baharini kwa muda mrefu kabla halijapanda milimani. Dereva, breki, gia na spana zimetokana na Kiingereza. Msasa ni mti wetu wenye majani ya kukwaruza, ambayo maseremala waliyatumia kulainishia mbao kabla ya karatasi ya dukani kupewa jina hilo hilo.

Huko Gisenyi na Goma, palipotawala Kifaransa, mambo ni mengine. Breki huitwa feri, gia huitwa vitesi, plagi huitwa buji, tairi huitwa pine, injini huitwa moteri, dizeli huitwa mazutu, na dereva huitwa shoferi. Mwalimu aliyelelewa katika Kiswahili Sanifu, ambacho msingi wake wa Kiunguja uliafikiwa mwaka 1928, aweza kusema kwamba maneno haya ni makosa. Sisi hatukubali. Mtu wa Tanga alichukua breki kwa Mwingereza, na mtu wa Gisenyi alichukua feri kwa Mbelgiji; kukopa ni kule kule, aliyekopwa ndiye mwingine. Mwanafunzi afundishwe breki, kwa kuwa ndilo neno litakaloeleweka Dodoma na Nairobi. Lakini aambiwe pia kwamba feri ni neno lenye kwao na lenye historia.

Lipo neno moja linaloziunganisha pande zote mbili, nalo ni fundi. Kinyarwanda nacho kimelichukua na kusema umufundi. Neno hili ni la ukoo mmoja na kufunda, fundisha, funzo na mwanafunzi. Wazee wetu hawakutenganisha anayejua kutengeneza na anayejua kufundisha. Na katika gereji bubu mambo hayo hayajatengana mpaka leo, kwani kijana hushika taa, kisha hushika spana, kisha huachiwa injini. Afrika Mashariki imeona matunda ya shule hiyo. Mwaka 1965 Joginder Singh wa Kenya, aliyekulia katika kazi ya gereji, alishinda mashindano ya Safari pamoja na nduguye Jaswant kwa kutumia Volvo iliyokwisha kukimbia katika mashindano ya mwaka uliotangulia. Wengine walikuja na magari mapya. Wao walikuja na gari walilolijua.

Kinachoweza kupotea

Mambo yanabadilika upesi. Mwaka 2018 kampuni ya Volkswagen ilifungua karakana ya kuunganisha magari mjini Kigali, na mwaka uliofuata ikaleta magari ya umeme kwa majaribio. Twalifurahia jambo hilo. Lakini gari jipya humweleza fundi ugonjwa wake kwa kompyuta, na kompyuta hiyo haisemi feri wala breki za kwetu. Wazee waliojifunza kuitambua injini kwa kuisikiliza wanapungua, na kila anapoondoka mmoja wao huondoka na msamiati usiopatikana katika kamusi yo yote.

Kwa upande mwingine, Rwanda ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na mwaka 2017 ikakifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi. Lugha iliyofungiwa nje ya mlango wa shule sasa inaingia kwa heshima. Hatari tunayoiona ni kwamba itaingia na kuwaacha nje wale walioitunza. Itakuwa ajabu kubwa kama mtoto wa Mbugangari atafundishwa na kitabu kwamba Kiswahili kimeletwa kwake kutoka mbali, hali babu yake alikitumia miaka arobaini akiwa amelala chali chini ya lori.

Basi twatoa shauri kwa walimu wenzetu wa Gisenyi, na wa miji mingine yenye mafundi. Wapelekeni wanafunzi wa madarasa ya juu kwenye gereji iliyo jirani na shule, wakiwa na daftari. Waulize kila chombo kinaitwaje, kinafanya kazi gani, na mzee alilisikia jina hilo kwa nani na katika mwaka gani. Maneno yaandikwe kama yanavyotamkwa, bila kusahihishwa, kisha yawekwe kando ya yale ya Kiswahili Sanifu. Na kama yuko mwalimu mwenye gari kuukuu linalolala uani kwake, na alifungue mbele ya wanafunzi wake akiwa na fundi mmoja mzee kando yake. Huenda gari lisiwake. Lakini darasa litakuwa limekwisha anza.