Kombe la Dunia la Gofu
Mashindano ya gofu ambayo kila taifa huwakilishwa na wachezaji wawili, yaliyoasisiwa mwaka 1953 mjini Montreal, kwa jina la Kombe la Kanada, na Mmarekani mwenye viwanda John Jay Hopkins, aliyeitakidi kwamba mchezo huu waweza kuzidisha masikilizano baina ya mataifa. Jina la sasa lilianza mwaka 1967. Waajentina Antonio Cerdá na Roberto De Vicenzo ndio waliotangulia kulitwaa. Kwa miaka mingi mapigo ya wote wawili yalijumlishwa, hata hodari mmoja asiweze kuusitiri udhaifu wa mwenziwe, na sharti hilo ndilo hasa lililoyapa mashindano haya fahari yake. Kuanzia 2000, aghalabu wawili hao hupokezana mpira mmoja siku hii, na siku ya pili kila mtu hupiga wake, ikahesabiwa alama iliyo bora. Marekani imeshinda mara 24, nne kati ya hizo kwa mikono ya Arnold Palmer na Jack Nicklaus. Lakini ushindi uliozaa athari kubwa kupita wote ni ule wa 1957 katika uwanja wa Kasumigaseki nchini Japani, ambapo Torakichi Nakamura na Koichi Ono, wasiotazamiwa kamwe, waliwashinda mabingwa wa ulimwengu mbele ya watu wao, na tangu hapo Wajapani wakaushika mchezo huo kwa shauku adhimu. Mwaka 2018, mjini Melbourne, kombe lilitwaliwa na Wabelgiji Thomas Pieters na Thomas Detry.